Kufungua Mashine Mwenyewe Akiwapo

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii lilikuwa kuwaambia wateja waniachie mashine waende zao. Nilisema kwa adabu, na tabasamu juu yake: niachie, urudi saa kumi. Wengi walisitasita kidogo, wakanitazama, wakatazama mashine yao, kisha wakaondoka. Nilikuwa nikiwaona wanavyogeuka mara mbili njiani kabla ya kukata kona, na sikujiuliza kwa nini.

Sababu yangu niliijua, ila sikumwambia mtu. Mikono yangu hutetemeka nikitazamwa. Naweza kufungua skrubu ndogo kama chembe ya mtama nikiwa peke yangu, nikairudisha bila kuikwaruza. Jicho la mtu likitua kwenye vidole vyangu tu, bisibisi inaanza kucheza. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu na kwa laptopu moja iliyokufa ambayo jirani yetu kule mtaani Levolosi alitaka kuitupa. Niliifungua na kuifunga mpaka matundu ya skrubu yakachakaa. Sijakaa mbele ya mwalimu, sina cheti, na mtu akinitazama nahisi yuko karibu kugundua kwamba mimi si fundi, bali ni mtu aliyetazama mafundi.

Kwa hiyo nilifidia kwa usafi. Kabla ya kufungua kitu nilichora umbo lake kwenye karatasi, na kila skrubu niliyoitoa niliibandika kwa utepe wa gundi mahali pake kwenye mchoro. Skrubu moja ikikaa upande, nilibandua zote nikaanza upya. Nilifuta alama za vidole ndani ya vifuniko, mahali ambapo hakuna mtu atakayepaona mpaka mashine ife. Niliamini kwamba kazi ikiwa safi kiasi hicho, hakuna atakayehitaji kuniona nikiifanya.

Meza yangu iko Kaloleni, kwenye korido ya jengo lisilo mbali na uwanja wa mpira. Haikuwa yangu hasa. Ilikuwa nusu ya meza ya fundi simu mmoja, mtu mwenye familia, aliyenizidi miaka kama kumi na mitano, ambaye mpaka leo namwita kaka. Alinikaribisha kwa sababu watu walimletea kompyuta na yeye hakuzitaka. Upande wake wa meza kulikuwa na kigoda cha mbao, kimeng'aa kwa kukaliwa. Kwenye korido yetu ndivyo kazi inavyofanyika: mteja anakaa uso kwa uso na fundi, anashika kifuniko cha simu yake mkononi, anatazama kuanzia skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho. Si kwamba anaelewa anachokiona. Anahakikisha kwamba kilichoingia ndicho kilichotoka. Watu wamebadilishiwa betri, wamebadilishiwa vioo, wametolewa vitu ndani ya laptopu wakarudishiwa ganda, na kila mtu Arusha ana shangazi au shemeji ambaye yamemkuta. Upande wangu wa meza pia kulikuwa na kigoda. Wiki ya kwanza tu nilikisukuma chini ya meza, nikaweka juu yake boksi la nyaya.

Kaka aliona, akasema neno moja tu: utakitafuta.

Miezi michache baadaye alikuja mzee mmoja wa Njiro, mtumishi wa serikali, shati limepigwa pasi, laptopu ndani ya mkoba wa ngozi. Nilikuwa nimemsafishia feni wiki iliyotangulia. Alisema mashine sasa ni nzito kufanya kazi kuliko alivyoileta, na kwamba kuna fundi mwingine kamwambia imetolewa kitu ndani. Hakupiga kelele. Aliongea taratibu, kama anavyoongea mtu aliyezoea kusikilizwa, na ndiyo maana korido nzima ilisikia. Aliniuliza, wakati unaifungua nilikuwa wapi? Nikasema hukuwepo, mzee. Aliniuliza, na nani alikuwepo? Nikasema sikuwa na mtu. Akawageukia wale waliosimama, akafungua mikono yake miwili, kisha akaondoka.

Sikutoa kitu kwenye mashine yake. Nilijua hivyo siku ile na najua hivyo leo. Lakini sikuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha, na ule usafi wangu wote ulinigeuka: mashine iliyofutwa mpaka ndani ilionekana kama mashine iliyofutwa alama.

Jioni tukifunga, kaka hakunitazama. Alikuwa anazungusha waya wa chuma cha kulehemu, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi najua hukuiba, dogo," alisema. "Lakini wateja wanaopita hapa hawajui ninachokijua mimi, wanajua walichosikia leo. Ikija kesi nyingine ya kifaa kupotea, iwe kweli iwe uongo, utatafuta meza nyingine. Nina watoto."

Nilikubali. Hakukuwa na meza nyingine. Nilishazunguka mji mzima kabla yake, na kila mahali waliniuliza nimesomea wapi.

Kwa hiyo mama mmoja mpiga video aliponipigia simu, nilijua ninachoweza kupoteza kabla hata ya kompyuta yake kufika. Alikuwa mama wa makamo, Mmeru kutoka juu kule kwenye migomba, anayekodi chumba Kaloleni kwa ajili ya kazi. Anapiga video za harusi, za ubatizo, na zaidi za kipaimara. Mwisho wa mwaka hana Jumapili yake mwenyewe. Alisema kompyuta yake imeanza kumfia mkononi. Akiweka video mbili pamoja ili aziunganishe, kioo kinaganda, kishale hakisogei, na lazima aizime kwa nguvu. Alikuwa na kipaimara cha usharika mzima ambacho wazazi walishaanza kukiulizia, na hakuwa na mashine nyingine.

Nilimuuliza ni kompyuta gani. Akasema ni ya mezani, kubwa, aliinunua ikiwa imetumika, miaka kadhaa sasa. Nikamwambia dalili zake ni za ram, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, kuwa ndogo na kwamba inaweza kuongezwa. Ili kazi iende haraka, nilitangulia dukani nikachukua ram mbili za kompyuta ya mezani, zile ndefu, zikiwa bado kwenye pakiti zake. Muuzaji alisema nisipozifungua anabadilisha. Nilizipanga mezani sambamba, nikazinyoosha, nikasubiri nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Mashine ilikuja kwa bajaji, imefungwa blanketi la mtoto kwa kamba ya katani. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na upande wa mlimani wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mapaa. Tuliishusha watu wawili. Nilipofungua blanketi nilikuta ni ile kompyuta ya kipande kimoja, ambayo hakuna boksi la pembeni, mashine nzima imefichwa nyuma ya kioo. Nilizitazama ram zangu ndefu nikaingiwa na shaka, lakini niliinyamazisha.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwambia maneno yangu ya siku zote: niachie, mama, urudi saa kumi.

"Niende wapi?" alisema.

Nikasema labda ana shughuli zake mjini.

"Shughuli yangu ni hii hapa." Alitazama upande wangu wa meza, akatazama chini yake, akatoa boksi la nyaya, akalisogeza kwa mguu, akavuta kigoda. "Kijana, hiki umekificha cha nini? Au nyie wa kompyuta mnafunguaga gizani?"

Kaka alicheka puani huku ameinamia simu. Jamaa wa duka la makava ya simu, mlango wa pili, ambaye siku ya mzee wa Njiro alikuwa mstari wa mbele, akadakia kwamba mama akae vizuri, na ahesabu. Mama akasema kuhesabu anajua, amehesabu sadaka kanisani mpaka macho yakachoka. Akakaa. Akafungua pochi, akavaa miwani.

Niliwaza kukataa kazi. Nakiri hilo. Niliwaza kusema mashine hii ni ya zamani mno, vipuri hakuna. Lakini kaka alikuwa anasikiliza, na nilijua kwamba nikiikimbia hii, ile ya kesho nitaikimbia pia, na kwa hiyo hata meza yenyewe sitakuwa na haja nayo. Nilichomoa waya wa umeme, nikailaza mashine kifudifudi juu ya blanketi lake, nikachora umbo la mgongo wake kwenye karatasi. Mstari wa kwanza ulienda upogo. Kwa kawaida ningeitupa karatasi ile. Niliiacha.

Kabla sijaanza, mama aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu nyumbani: ukitoa hiyo ram, picha za watoto hazitatoka nayo? Nikamwambia hapana, video ziko kwenye diski, na diski sitaigusa. Ram ni kama meza ya kukatia keki. Meza ikiwa ndogo, keki kubwa itakatwaje? Unapeleka jikoni, unarudisha, unapeleka tena. Akasema mfano huo umekaa vizuri, ingawa mimi naonekana sijawahi kukata keki.

Skrubu zilikuwa nane. Ya tatu ilinidondoka. Iligonga meza, ikaruka, na yeye ndiye aliyeidaka kwenye mapaja, akaiweka kwenye kiganja changu. Nikaibandika kwenye mchoro. Kifuniko kiligoma kwenye vishikizo vya pembeni, nikakizungukia taratibu kwa kadi ya plastiki mpaka kikaachia. Ndani kulikuwa na vumbi lile letu jekundu, laini kama unga, limelala kila mahali. Chini yake kulikuwa na kifuniko kidogo cha bati, skrubu mbili, na ram ziko chini ya hicho.

Nilipokiinua, niliona vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza, nafasi za ram zilikuwa fupi, za aina ya laptopu. Ram zangu ndefu zilizopangwa pale mezani hazikuwa na maana yoyote. Kompyuta hizi za kipande kimoja, kwa ndani, nyingi ni laptopu iliyovaa kioo kikubwa. Mtu aliyesoma darasani pengine angelijua hilo, mimi nilibahatisha kwa jina la mezani.

Cha pili kilinifanya nisahau cha kwanza. Nafasi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na ram. Nyingine ilikuwa wazi.

Sasa, nafasi kuwa wazi si ajabu. Mashine nyingi zinauzwa hivyo. Lakini kwenye kona ya kioo cha mashine ile kulikuwa bado na ile stika ya muuzaji wa mwanzo, imefubaa, imeandikwa kwa kalamu ya wino: ram GB nane. Mama alikuwa ameniambia mwenyewe kwenye simu kwamba ni ya nane. Na ram niliyoiona imeandikwa nne. Nane ilikuwa nne mbili. Moja haikuwepo.

Niliganda nikiwa nimeinamia mashine, mgongo wangu umemziba mama asione. Hapo ndipo nililiwaza jambo ambalo bado linaniaibisha. Niliwaza kufunika. Ningesema nabadilisha zote, ningetoa ile moja haraka, ningeweka mbili mpya, naye asingejua kamwe kama mwanzo zilikuwa ngapi. Mashine ingekuwa nyepesi, angefurahi, angekwenda zake. Kwa sababu nikisema kuna kifaa kimepotea, kwenye meza ileile, mbele ya jamaa wa makava, nani angeuliza kimepotea lini? Kaka alishasema: iwe kweli iwe uongo.

Lakini alikuwa amekaa pale. Alikuwa ameona kila skrubu ikitoka, moja ilikuwa imeangukia mapajani mwake. Nilitambua, na nilitambua polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, kwamba huyu ndiye kitu nilichokikosa siku ya mzee wa Njiro.

Nikasogea pembeni. Nikawasha tochi ya simu.

"Mama, naomba uangalie hapa kabla sijatia mkono."

Aliinama mpaka miwani ikakaribia bati. Nikamwonyesha ram iliyopo, nikamwonyesha namba nne, nikamwonyesha nafasi iliyo wazi, nikamwonyesha stika. Aliuliza kama iliyopungua ingeweza kuwa imeanguka ndani. Nikasema hapana, hainaga pa kuangukia. Kaka aliacha simu yake akaja kusimama nyuma yetu. Mama akanyoosha kidole, bila kugusa.

"Hili vumbi limejaa humu kwenye mdomo wake," alisema. "Sasa hapa si pametolewa leo."

"Hapana, mama."

"Wala jana."

Kaka alisema kwa vumbi lile ni mwaka au zaidi. Mama alijiinua, akakaa sawasawa, akavua miwani. Aliniuliza kifuniko kile cha nje kinaweza kufunguliwa na mtu asiye fundi. Nikasema akiwa na bisibisi na subira, anaweza.

Kaka alirudi mahali pake, akakaa. Mama alisema maneno machache ya Kimeru, si kwetu, na baadaye kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, akatueleza. Mashine ile haijawahi kufika kwa fundi. Aliyewahi kuifungua ni mmoja tu, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa anaishi kwake akisoma chuo, mambo hayahaya ya kompyuta. Siku moja alimwambia, shangazi, naisafisha vumbi, na yeye akamkaangia mayai kwa ajili ya kazi hiyo. Baada ya pale mashine ikaanza kuchoka, naye akadhani ni uzee.

Kaka alianza, "Kikulacho..."

"Hiyo nimeijua kabla hujazaliwa," mama alisema. "Rudi kwenye simu yako." Kisha akanigeukia. "Haya maneno yaishie hapa mezani. Ni mtoto wetu. Baba yake ni mzee wa kanisa."

Nikasema yataishia hapa. Nilimaanisha, ingawa nilijua kwamba jamaa wa makava alikuwa ameshaona vichwa vitatu vimeinamia mashine moja, na alikuwa ameanza kusogea kidogokidogo akijifanya anapanga bidhaa.

Ilibaki nikiri kosa langu la ram ndefu. Nililisema bila kulizungusha: nimenunua aina isiyofaa kwa sababu sikuuliza vizuri, nipe nusu saa nikabadilishe. Nilitegemea alalamike. Badala yake aliuliza kama mashine ibaki wazi vilevile. Nikasema ndiyo, kuifunga na kuifungua tena ni kuichosha.

"Basi nenda," alisema. "Mimi nitailinda. Na ukirudi ukute imepungua kitu, mimi ndiye mwizi."

Nilitoka karibu nikikimbia. Dukani nilisoma lebo mara tatu, nikailinganisha na picha ya ile ya zamani niliyoipiga kwa simu, nikamfanya muuzaji naye asome. Alinambia mimi ni msumbufu. Nikamwambia ndiyo. Nilichukua mbili fupi, za nane kila moja. Niliporudi mama alikuwa ameweka mkono wake mmoja juu ya ukingo wa mashine, kama mtu anayezuia mtoto asijigeuze kitandani, na kwa mkono wa pili anakula karanga.

Nikatoa ile ya zamani, nikampa aishike. Nikazisukuma mpya mahali pake, zikiinama kidogo, nikazilaza mpaka vishikizo vya pembeni vikazikamata. Nikaunganisha umeme mashine ikiwa bado wazi, tukaiinua, nikabonyeza.

Kioo kilibaki cheusi. Mashine ikalia mara tatu.

Ikanyamaza, ikalia tena mara tatu.

Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema lile neno, niachie mpaka kesho. Mama aliuliza, kwa upole wa kawaida, inasema nini. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika kazi hii, nikamwambia mteja: "Haijaikubali ram. Sijui bado kwa nini. Nitajaribu moja moja mpaka nijue."

Nilizima, nikachomoa umeme, nikaanza. Ram ya kwanza peke yake, kwenye nafasi ile iliyokuwa inatumika: ikawaka. Ram ya pili peke yake, nafasi hiyohiyo: ikawaka. Kwa hiyo ram zote nzima. Nafasi ya pili, yenye vumbi, ram yoyote: kilio. Nilieleza kila hatua kwa sauti, kwanza kwa sababu mama alikuwa anatazama, baadaye kwa sababu niligundua kwamba nikisema, nafikiri vizuri zaidi. Nilisafisha nafasi ile kwa brashi laini na ile pampu ndogo ya mpira. Si kwa kupuliza mdomoni, maana mate ni maji. Nikarudisha ram zote mbili. Ikalia tena mara tatu.

Nafasi imekufa, niliwaza. Imekaa wazi miaka, imeoza. Nilikuwa nakaribia kulisema hilo na kumwomba msamaha kwa ajili ya mashine yake.

Mama alikuwa ameinama tena na miwani yake.

"Hii ya huku imezama yote," alisema. "Hii ya kwako inaonyesha meno."

Nikatazama. Ni kweli. Upande mmoja wa ram, zile alama za dhahabu zilikuwa bado zinachungulia, mstari mwembamba usiozidi ukucha. Vishikizo vilikuwa vimefunga, ndiyo maana niliridhika, lakini haikuwa imeingia mpaka mwisho. Nilikuwa nimeisukuma kwa woga, kwa sababu niliogopa kuvunja kitu mbele ya mwenyewe.

"Unaibembeleza kama mtoto wa mwenzio," mama alisema. "Isukume."

Nikaitoa, nikaiingiza tena, nikabana midomo, nikasukuma kwa vidole gumba viwili kwa nguvu ambayo katika mazoezi yangu yote ya peke yangu sikuwahi kuitumia. Ilitoa mlio mdogo mkavu. Meno yakapotea. Nikailaza, vishikizo vikafunga. Tukaiinua, nikabonyeza.

Ikawaka. Mama alitaka kuona namba, nikampeleka mahali inapoandikwa, akaisoma mwenyewe, kumi na sita, akaniambia niirudie, nami nikairudia. Kisha akafungua kazi yake ya kipaimara. Akaweka video moja, akaweka ya pili juu yake, akaweka ya tatu ambayo alisema hajawahi kuthubutu kuiweka. Watoto wa mavazi meupe wakaanza kuingia kanisani wawili wawili nyuma ya matarumbeta, na hakuna aliyeganda. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele alikuwa anajikuna shingo kwa kola, akajikuna mpaka madhabahuni. Mama akasema huyo ndiye aliyemchosha, mama yake anataka pakatwe, na sasa atapakata.

Nilifunga mashine akitazama. Ile skrubu ya tatu ilirudi mahali pake kama nyingine. Ram ya zamani niliiweka kwenye bahasha, nikaandika juu yake ni nini na imetoka wapi, nikampa.

Tulipokuwa tunaibeba kwenda kwenye bajaji, jamaa wa makava alishindwa kuvumilia. Alikuwa ameegemea mlango wake, mikono kifuani.

"Mama, umehesabu? Kitu hakijapungua?" alisema, na akatutazama mimi na kaka.

Mama alisimama katikati ya korido, upande mmoja wa mashine mikononi mwake, upande wa pili kwangu. Nilidhani atapita tu. Alikuwa ametuomba tunyamaze na mimi nilikuwa nimeshakubali, hata kama kunyamaza kungenigharimu nafasi yangu pale.

"Kimepungua," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa washona viatu. "Kimepungua zamani. Kiliibiwa nyumbani kwangu, na mtu wa kwangu. Huyu kijana ndiye aliyenionyesha, kabla hajatia mkono. Una swali lingine?"

Jamaa alirudi ndani kwenye makava yake. Mama aliingia kwenye bajaji, akaishikilia mashine kwa mikono miwili ndani ya blanketi, akaniambia nisalimie wazazi.

Kesho yake nilikuta kaka ameongeza ubao upande wangu wa meza, ili kompyuta kubwa zipate pa kulala.

Mzee wa Njiro hakurudi, na sijui kama aliwahi kuniamini. Mikono bado inatetemeka, hasa dakika za mwanzo, na wateja wengine wananitania. Lakini tangu siku ile sijafungua mashine ya mtu akiwa hayupo. Naandika namba za vifaa vilivyomo kabla ya kutoa chochote, yeye anasoma na kutia sahihi, na kitu nisichokijua nasema sikijui. Mwenye haraka namwomba arudi siku akiwa na nafasi ya kukaa.